Kompyuta ya bei nafuu Masisi na Walikale: hesabu huanzia kwenye wati

Muuzaji wa kompyuta mjini Goma humtajia mteja kasi ya prosesa, ukubwa wa diski, kisha bei. Kwa mteja anayeipeleka Masisi-kati, Nyabiondo au Mubi, swali la kwanza ni jingine: inakula wati ngapi?

Sehemu kubwa ya wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini haina umeme wa shirika la taifa, SNEL. Kituo cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015 na chenye uwezo wa megawati 13 hivi, kipo Rutshuru, na umeme wake huelekea Rutshuru na Goma. Shule, vituo vya afya, redio za jamii na vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi hutegemea paneli za sola, betri na jenereta. Mafuta hupanda bei barabara inapofungwa, na miaka hii vita vimezifunga mara nyingi. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya, wilayani Masisi, mwaka 2024. Machi 2025 wakaingia mji wa Walikale, kisha wakaondoka wiki chache baadaye.

Kuna jambo linalochoma hapa. Koltani ya Rubaya hutoa tantali, inayotengenezea kapasita ndogo za simu na kompyuta. Bati, kama linalochimbwa Bisie, Walikale, hutengenezea lehemu inayoshika vipande kwenye karibu kila ubao wa kielektroniki. Madini hutoka kwa malori na ndege, na kompyuta hurudi ikiwa imeshatumika kwingine, bei ikiwa imepanda njiani.

Kompyuta ya mezani ya zamani, ile kubwa yenye skrini ya kisogo, huweza kula wati 200 zote kwa pamoja. Ikiwashwa saa nne kwa siku, hiyo ni wati-saa 800. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Unabakiwa na 600, na kazi ya siku moja haijaisha.

Sasa chukua kompyuta ndogo inayokula wati 20 ikiwa kwenye kazi za ofisi, pamoja na skrini bapa ya LED ya wati 18. Saa nne ni wati-saa 152. Hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta, betri ileile inakupeleka siku tatu bila jua. Kwa Walikale, kwenye mvua za msituni, siku tatu za mawingu si hadithi.

Kwenye prosesa, namba inayotajwa sana ni TDP, yaani kiwango cha joto, kwa wati, ambacho mfumo wa kupoza unapaswa kukimudu. Baadhi ya Pentium 4 za mwisho zilipita wati 80. Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, imewekewa wati 6 na ina kori nne. Kati yao kuna prosesa za Intel zenye herufi T mwishoni, kama Core i5-6500T ya wati 35, na AMD Athlon 3000G, nayo ya wati 35.

Hapa wanunuzi wengi hupotea. TDP si matumizi ya kila dakika. Core i5-6500 ya wati 65 na ndugu yake yenye T hula karibu sawa mtu anapoandika barua. Tofauti huonekana kazi inapokuwa nzito. Herufi T inakusaidia kuchagua inveta ndogo, lakini kwa kazi ya kuchapa tu haifai kulipiwa dola 30 zaidi. Afadhali fedha hizo ziende kwenye SSD, ambayo hula wati mbili au tatu pale diski ya zamani ya inchi 3.5 inapokula sita hadi nane, na haiharibiki upesi kwa mitikisiko ya pikipiki.

Kadi ya picha ya pembeni iachwe kabisa, maana grafiki iliyomo ndani ya prosesa inatosha kwa kazi za ofisi na video.

Pawasaplai nayo ina mtego. Ya wati 500 ikibeba mzigo wa wati 30 hufanya kazi vibaya, hata ikiwa na nembo ya 80 Plus, kwa sababu nembo hiyo kwa kawaida hupimwa kuanzia mzigo wa asilimia 20. Ndiyo maana kompyuta ndogo zilizotumika za aina ya HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny zinafaa zaidi huku, kwa kuwa zinatumia adapta kama za laptop, za volti 19 hadi 20. Anayependa kuunganisha mwenyewe anaweza kutafuta ubao wa ASRock N100DC-ITX, unaopokea volti 19 moja kwa moja. Kwa kifaa cha kupandisha volti 12 hadi 19, kama kinachotumika kuchajia laptop ndani ya gari, inveta haihitajiki kwa kompyuta, na upotevu wa kugeuza umeme mara mbili unakwisha.

Mwenye kibanda cha kuchapa asisahau printa. Ya leza huvuta mamia ya wati kila inapopasha joto, na ndiyo huzima inveta ndogo kazi ikiwa nusu. Ya wino hula wati 10 hadi 20.

Kuna gharama nyingine ya kompyuta hizi za bei nafuu. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa kama i5-6500T hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Zinabaki nzuri kwa Linux, ambayo LibreOffice yake hufungua faili za Word, ila mafaili yapakuliwe Goma kabla ya safari. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe kupitia kipima wati, mfungue video, kisha mwandike namba inayosomeka.