Narejesha nini, nami sikuchukua kitu?

Mwezi Mei mwaka wa 2025, siku chache kabla ya mitihani, alibisha mlangoni mwa afisi yangu mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye kwa kawaida huja kuniuliza juu ya mofimu na viambishi. Siku hiyo hakuwa na daftari. Alikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, na uso wa mtu aliyefiwa. Shule fulani ilikuwa imemwahidi kazi endapo angeleta, pamoja na vyeti vyake vingine, hati ya kuthibitisha kwamba ametimiza masharti ya ushuru. Alipoitafuta hati hiyo, aliambiwa kwamba yeye mwenyewe anadaiwa shilingi 6,000.

"Daktari," akaniambia, "wanasema sikupeleka marejesho ya miaka mitatu. Narejesha nini, nami sikuchukua kitu?"

Mpenzi msomaji, nimefundisha semantiki kwa muda mrefu, lakini sikumbuki kuulizwa swali la semantiki lililokuwa zito kuliko hilo. Kitenzi kurejesha, kwa mazoea ya Waswahili, humtaka mtu awe amechukua kwanza. Hurejeshwa kitabu maktabani, hurejeshwa mkopo, hurejeshwa mahari ndoa inapovunjika. Neno la Kiingereza lililokuwa likitafsiriwa halina maana hiyo hata kidogo. Katika mambo ya ushuru ni taarifa tu, ripoti anayoiandika mtu kueleza alichopata na alicholipa. Mtafsiri alilishika neno akaiacha maana. Wengi wetu mitaani tumekata shauri kusema "ritani" na "kufaili", nami, ijapokuwa nahesabiwa miongoni mwa walinzi wa lugha, siwalaumu wanaosema hivyo. Neno la mkopo lisilodanganya ni afadhali kuliko neno letu linalopotosha. "Taarifa ya mapato" lingefaa zaidi, lakini hakuna aliyeniuliza.

Kijana huyu alijipatia nambari ya PIN mwaka wa 2021 alipokuwa akiomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambayo huidai nambari hiyo katika maombi. Akapewa, akaijaza, akaisahau. Kwake ilikuwa tarakimu nyingine miongoni mwa tarakimu nyingi ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa. Hakujua kwamba aliyeandikishwa kwa ushuru wa mapato hutakiwa kufaili ritani ya mwaka uliopita kabla ya siku ya 30 Juni kwisha, hata ikiwa hakupata ndururu. Asiyefanya hivyo hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea ipi iliyo kubwa. Kwa mtu asiye na mapato ni 2,000 kwa kila mwaka alionyamaza. Miaka yake mitatu ya kunyamaza ndiyo ile 6,000.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba wakati huo huo ulikuwepo msamaha. Sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 ilifuta adhabu na riba za vipindi vya hadi 31 Desemba 2023 kwa mtu ambaye hakuwa na deni la ushuru wenyewe, na mlango wake ulikuwa wazi hadi 30 Juni 2025. Kijana alikuwa ameliona tangazo. Alilipita kwa sababu lilitumia maneno ambayo kwake yalihusu matajiri walioficha mamilioni. Hakuwaza kwamba mwanafunzi wa mikopo aweza kuwa mkosaji, seuze kwamba aweza kusamehewa.

Tukaketi mbele ya tarakilishi yangu tujaribu kuingia katika mfumo wa iTax. Mfumo huo, kabla ya kumkubali mtu, humwuliza hesabu ya kujumlisha au kutoa ya darasa la pili, na nimewahi kumwona profesa akiikosa. Hesabu haikutushinda. Kilichotushinda ni neno la siri. Tulipoomba jipya, lilitumwa kwa anwani ya barua pepe ambayo mwanafunzi hakuijua. Ilikuwa ya yule aliyemhudumia katika saiba mwaka wa 2021, ambaye kwa haraka ya kazi alijaza anwani yake mwenyewe. Hapa nawasihi wanafunzi na hata walimu: jambo la kwanza la kuchunguza katika akaunti zenu si pesa, ni barua pepe na nambari ya simu. Asiyemiliki barua pepe iliyoandikishwa haimiliki PIN yake. Ilibidi kijana aende Huduma Centre na kitambulisho chake, anwani ikabadilishwa, kisha ritani tatu za sufuri zikafailiwa chini ya saa moja. Adhabu ziliondoka kabla ya Juni kwisha.

Nisije nikaonekana mjuzi anayewacheka wasiojua, na niungame langu. Mwaka wa 2022 nilifundisha muhula mmoja katika chuo kingine, jioni na Jumamosi, nikalipwa jumla ya shilingi 120,000. Chuo hicho kilikata asilimia 5, yaani 6,000, na kunipa salio. Moyoni nikasema ushuru umekwisha. Mwaka uliofuata nilipokuwa nikijaza ritani, mfumo ulinionyesha deni la shilingi 30,000, nami nikadhani umeharibika. Nilikwenda katika afisi ya ushuru nikiwa nimejiandaa kugombana, na nilihudumiwa na binti aliyenisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kalamu. Mshahara wangu wa kawaida, alisema, tayari ulikuwa umevuka mipaka ya viwango vya chini. Kila shilingi ya ziada ilistahili asilimia 30. Asilimia 30 ya 120,000 ni 36,000. Ile 6,000 ilikuwa malipo ya awali tu. Tena akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwamba salio la namna hiyo hutakiwa lilipwe kufikia 30 Aprili, ilhali ritani yenyewe husubiriwa hadi 30 Juni. Mimi nilikuwa nimefika mwezi Juni. Nililipa na adhabu ya asilimia 5 juu yake, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Nilitoka nikiwa nimenyenyekea, na tangu hapo fedha za kazi ya jioni naziwekea fungu pembeni siku ile ile zinapoingia.

Walimu wengi wamo katika mtego huo huo bila kujua. Mtu ana waajiri wawili, na kila mmoja humkata kana kwamba yeye ndiye mwajiri pekee. Kila mmoja huanzia kiwango cha chini cha asilimia 10, kila mmoja humpa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, ambayo kisheria mtu huipata mara moja tu. Mwezi kwa mwezi huona amefaidi. Ritani ndiyo inayoyaweka mapato yote mezani pamoja, na hapo ndipo deni huibuka. Haikuibuka kwa uchawi wala kwa uonevu wa mfumo.

Nimetaja neno nafuu, na hapa naomba ruhusa ya kuingia darasani kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na chanzo cha makosa mengi ninayoyaona. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kila kinachopungua katika peslipu huitwa "makato": ushuru, mkopo wa sako, malipo ya uzeeni, ada ya chama cha walimu. Kwa sheria ya ushuru vitu hivi havifanani. Mkopo wa sako haugusi ushuru kamwe. Mchango wa malipo ya uzeeni hupunguza mapato kabla ya ushuru kupigiwa hesabu. Nafuu nayo hupunguza ushuru wenyewe baada ya hesabu kwisha.

Tuchukue mwalimu ambaye mapato yake ya kutozwa ushuru, kwa viwango vya mwaka wa 2025, yalikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambazo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yapata 2,083. Zinazobaki, 17,667, hutozwa asilimia 30, yaani 5,300. Jumla ni kama 9,783. Toa nafuu ya 2,400, abaki na ushuru wa 7,383. Mwalimu huyu akiongeza mchango wake wa uzeeni kwa shilingi 1,000, ushuru wake hupungua kwa 300. Lakini akisahau kuijaza nafuu yake ya mwaka mzima, ambayo ni 28,800, atajiona anadaiwa 28,800 kamili. Nimemwona mwenzangu akikosa usingizi kwa ajili ya kisanduku kimoja alichokiacha wazi.

Ulizuka pia mtindo, hasa siku mbili za mwisho za Juni, wa kwenda saiba na kumwambia kijana wa pale, "nifailie haraka." Naye, kwa kuwa foleni ni ndefu, humfailia mwalimu mwenye mshahara ritani ya sufuri. Huo ni uongo uliotiwa sahihi na mwenye PIN, si na kijana wa saiba. Aliyekwisha kukosea hivyo asijifiche. Mficha uchi hazai. Sheria inamruhusu mtu kurekebisha ritani yake ndani ya miaka mitano, na ni heri aanze yeye kabla ya kuitwa.

Wengine tatizo lao ni P9, ile fomu ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kila mwaka ikionyesha, mwezi kwa mwezi, alicholipwa na alichokatwa. Kuna shule za kibinafsi zinazoicheleweshea mpaka Juni iwe ukingoni, na kuna waajiri wanaokata bila kuwasilisha, ijapokuwa wanatakiwa kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukijikuta hapo, peslipu zako ndizo shahidi wako. Ziweke zote, tangu Januari. Zipeleke pamoja na barua ya kuajiriwa katika afisi ya ushuru, ueleze, na udai kwamba maelezo yako yaandikwe. Usilipe mara ya pili kimya kimya ili yaishe. Na kama umepelekewa notisi ya kutozwa usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuipinga kwa maandishi. Siku hizo huhesabiwa tangu ulipojulishwa. Likizo ya Agosti haizisimamishi.

Nimetembelea afisi hizo mara kadhaa sasa, nikiwasindikiza wanafunzi, na naweza kushuhudia kwamba mwezi wa Februari mtu huhudumiwa kwa dakika chache, kwa upole, na kwa lugha anayoitaka. Kaunta huzungumza Kiswahili. Fomu ndizo zisizokizungumza. Nilizojaza mimi mwaka baada ya mwaka zimekuwa za Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, iliyoanza kazi Julai 1995, ilijichagulia wito wa Kiswahili safi: Tulipe Ushuru, Tujitegemee. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hivyo mwananchi huombwa pesa kwa lugha moja na kuulizwa hesabu yake kwa lugha nyingine. Sisi wa idara za lugha hatuna budi kubeba sehemu ya lawama. Tumeandika tasnifu juu ya istilahi za sayansi ambazo hakuna mwanasayansi anayezitumia, na hatujakaa siku mbili kuisanifu fomu moja inayojazwa na mamilioni. Walimu wa sekondari nao hufunza insha za kiuamilifu, kumbukumbu za mkutano na mwaliko wa harusi, na sioni kwa nini P9 ya mtu wa kubuni isisomwe katika somo hilo hilo kidato cha nne.

Yule kijana alipata kazi yake. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 alinipigia simu. Mshahara wake ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na alikuwa ameikagua peslipu yake mwenyewe: asilimia 10 ni 2,000, nafuu ni 2,400, basi ushuru wake ni sufuri.

"Kwa hivyo, Daktari, mwakani nifaili tena ile ya sufuri?"

Nikamwambia hapana. Ushuru wake ni sufuri, lakini mapato yake si sufuri. Atatumia fomu ya wenye mapato ya ajira, na ataanza kwa kuomba P9. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Wizara ingekuwa na maneno mawili tofauti kwa sufuri hizo mbili, asingenisumbua. Nimeliandika pendekezo lake ubaoni, na linangoja muhula ufunguliwe.