NGOMA ZA MASASI ZISIWE SIRI YA WENYEJI

Masasi haijapata kuwa mji wa kabila moja. Tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta hapa watu waliokombolewa utumwani wakajenga makao yao karibu na majabali, mji huu umekuzwa na wenyeji pamoja na wageni. Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera wamekaa ubavu kwa ubavu. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi wamefungua maduka. Wamisionari wa Kiingereza waliishi na kuzikwa hapa, na Wabenedikto walianza kazi yao Ndanda mwaka 1906. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji walikuja ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe mwaka 2010 kuvuka mto huo kumekuwa jambo jepesi zaidi. Leo, katika hospitali ya Mkomaindo, katika shule na ofisi za mji, Mhaya hukaa meza moja na Mchaga, na Mnyakyusa humhudumia Mmakonde.

Swali letu ni hili: mtumishi huyu aliyetoka mbali, akimaliza zamu yake, ataona nini cha utamaduni wa watu anaowahudumia? Tukisema kweli, ataona mpira wa Uingereza katika kibanda cha video, na atasikia muziki wa baa uliotungwa Dar es Salaam. Atakaa miaka mitano, atapewa barua ya uhamisho, na ataondoka bila kuishuhudia sindimba wala kinyago cha lipiko, isipokuwa siku ile ya kumpokea kiongozi, ngoma inapochezwa dakika kumi juani ili hotuba zianze.

Wala si kwamba ngoma hazipo. Nafaka ikishavunwa na kiangazi kikitulia, ngoma hulia vijijini, kutoka Masasi hadi juu Newala. Watoto hutoka jandoni na unyagoni, wazazi hupika, jamaa husafiri kuja kushangilia. Ngoma zipo kwa wingi. Kinachokosekana ni habari zake. Anayejua ni yule mwenye shangazi kijijini. Asiye na shangazi hubaki ndani kwake, akiamini kwamba amehamishiwa mahali pasipo na jambo.

Si wageni wote waliokuwa hivyo. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi kisha akapanda Newala. Alinasa nyimbo kwa chombo cha nta cha siku zile, akapiga picha za sinema za ngoma, akakusanya vinyago na kuvipeleka katika makumbusho ya Leipzig, ambayo baadaye aliyaongoza. Alikuja chini ya bendera ya utawala wa kigeni, na njia hiyo hatuisifu. Lakini tujiulize: yafaa mkazi wa Leipzig awe na mahali na saa inayojulikana ya kutazama kinyago cha kusini, na mwuguzi wa Mkomaindo asiwe nayo?

Wapo wageni wengine waliokuja na mwendo tofauti. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuiona jando kuwa ushenzi wa kufutwa. Alijitahidi kuipatanisha na dini yake, na jambo hilo lilileta mabishano makubwa kati ya wamisionari wenzake. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu hapa kati ya 1960 na 1968, ndiye yule padri wa Johannesburg aliyemsaidia kijana Hugh Masekela kupata tarumbeta yake ya kwanza. Watu kama hao wanatukumbusha kwamba mgeni akifunguliwa mlango huweza kuwa mtazamaji mwema, na hata mtetezi wa sanaa.

Taifa nalo lilikwisha kuutambua utajiri huu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa nia ya kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote. Kikundi cha ngoma cha taifa kikaichukua sindimba, na ngoma hiyo ya Wamakonde ikajulikana nchi nzima. Kikundi hicho kilipovunjwa, kazi yake ilirithiwa na chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Matokeo yake ni kwamba mtu akitaka kuiona sindimba siku inayojulikana na saa inayojulikana, ni rahisi zaidi kuipata Pwani kuliko hapa ilikozaliwa.

Tukitazama Dar es Salaam na Zanzibar, tunaona mtu wa taifa lolote akipata la kutazama. Kuna Kijiji cha Makumbusho, kuna Nafasi Art Space tangu 2008, kuna vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, na ng'ambo ya bahari kuna Sauti za Busara tangu 2004. Hatuwaonei wivu. Mtwara penyewe, tamasha la MaKuYa, lililoanza mwaka 2008, limewakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa jina lililofinyangwa kutokana na majina yao yote matatu. Lakini Mtwara ni mwendo wa kilometa zipatazo mia mbili kutoka Masasi, na mwenye zamu ya usiku hawezi kwenda na kurudi.

Jambo hili lina hasara kubwa kuliko uchovu wa mtumishi mpweke. Sanaa huwafuata watazamaji wake. Wachongaji wa mpingo walihamia Dar es Salaam kwa sababu wanunuzi walikuwa huko, na leo anayetafuta kinyago cha Kimakonde huelekezwa Mwenge. Mpiga ngoma naye ni binadamu. Akiona kwamba nyumbani haalikwi ila kwa mapokezi, na halipwi ila soda, mwanawe hataishika ngoma hiyo. Atakuja kuuza simu stendi, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Tunajua wapo wazee watakaosema kwamba mambo ya jando na unyago si ya kutangazwa. Tunakubaliana nao. La siri na libaki siri, na asiyepitia asiingie. Lakini wazee hao hao wanajua kwamba siku ya kutoka kwa wari ni ya hadhara. Siku hiyo huchezwa ili watu waone, na mwenye mtoto hufurahi kiwanja kikijaa. Wenye shughuli ndio waamue kipi kitangazwe na kipi kisitangazwe. Wakishaamua, tangazo litoke.

Wala hatuombi jumba la fahari. Mnada wa korosho wa MAMCU au wa TANECU ukipangwa, habari zake humfikia mkulima wa kijiji cha mwisho: siku, ghala na bei. Kama tunaweza kuitangaza korosho, tunaweza kuitangaza ngoma. Ofisi za utamaduni za halmashauri zetu zikusanye kila mwezi tarehe kutoka kwa watendaji wa vijiji, ziziandike katika karatasi moja, na karatasi hiyo ibandikwe stendi, sokoni, kwenye ghala la chama cha msingi, na katika ubao wa matangazo wa hospitali, mapema kabla ya zamu kupangwa. Uwanja wa shule utolewe mara moja kwa mwezi, jioni, kwa kikundi kimoja cha kijiji. Atakayeingia alipe kidogo, na fedha hiyo iwafikie wachezaji, isiishie kwenye kamati.

Na mlango huo usiwe wa upande mmoja. Mhaya aliye Masasi ana ngoma yake, Msukuma ana yake, na wenzetu wa Msumbiji wana mapiko yao, ndugu wa lipiko letu. Nao wapewe jioni yao katika uwanja huo huo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji ambaye ngoma yake hajapata kuiona. Kiangazi hakiko mbali, na viongozi wetu wa wilaya wanayo nafasi ya kuanza. Karatasi moja na gundi haziombewi bajeti.