Machimbo Yawe Mikononi mwa Wananchi

Anayeshuka katika pango la Mangapwani hukuta maji baridi chini ya jiwe. Unguja haina mito mikubwa, na maji tunayokunywa, kwa sehemu kubwa, ni mvua iliyochujwa na mchanga na jiwe la matumbawe. Kwa hiyo shimo la mchanga linalochimbwa Kaskazini 'B' lamhusu pia mwananchi wa Mjini anayefungua mfereji wake asubuhi.

Kisiwa chetu hakikujaaliwa dhahabu. Lakini mchanga wa Donge na mawe ya pwani ndiyo dhahabu yetu, kwani nyumba, skuli na hoteli hazijengwi bila ya hivyo. Basi yatupasa tujifunze kutoka kwa wale waliojaaliwa dhahabu yenyewe.

Mwaka 2003 wachimbaji walivamia misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, jirani na Hifadhi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1997. Maelfu ya watu walimiminika na sululu na makarai kutafuta dhahabu. Miti ikang'olewa na vijito vikachafuka, ilhali vijito vya milima hiyo humwaga maji yake katika mto Zigi, unaonywesha jiji la Tanga. Serikali iliwaondosha wachimbaji hao, na ilikuwa haki yake. Hata hivyo, amri peke yake haikutosha. Wengine walirudi kwa kificho, kwa kuwa njaa haisomi matangazo.

Huko Chocó, katika msitu wa mvua wa Colombia, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sheria Namba 70 ya mwaka 1993 iliwatambua wananchi wenye asili ya Kiafrika kuwa wamiliki wa pamoja wa ardhi yao. Kuanzia mwaka 2000, wachimbaji wadogo wa Tadó na Condoto walijiunga na mpango uitwao Oro Verde. Walikubaliana kuosha dhahabu bila ya zebaki wala sayanaidi, kuweka kando udongo wa juu, na kuurudisha shimoni kazi inapokwisha ili msitu uote tena. Wanunuzi waliokubali masharti hayo waliwaongezea bei. Mafanikio yao hayakutokana na mashine za ajabu. Yalitokana na jambo moja: mchimbaji ndiye aliyekuwa akiishi kando ya shimo.

Kwetu hali mara nyingi ni kinyume. Gari la mchanga huondoka na faida, na shimo hubakia kwa wanakijiji, likijaa maji machafu na mbu. Mlango wa kurekebisha upo. Sheria ya Misitu ya mwaka 1996 inawaruhusu wananchi wa Zanzibar kufanya mapatano na Serikali ya kusimamia misitu yao, na vijiji vinavyoizunguka Jozani vimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Tunauliza: kwa nini utaratibu huo usiingie na machimboni?

Wapo watakaosema kwamba hata kamati ya shehia inaweza kuhongwa. Ni kweli. Ndiyo maana tunataka hesabu zisomwe hadharani mbele ya wanakijiji wote, idadi ya magari ibandikwe ukutani kila wiki, na pasifunguliwe shimo jipya kabla la zamani halijafukiwa na kupandwa miti. Vijana wa hapo hapo wapewe kazi ya kuchimba na ya kufukia, zote mbili kwa malipo.

Nasi tunaojenga tusijitoe lawamani. Anayenunua mchanga wa usiku kwa bei nafuu ananunua kiu ya watoto wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini pasipo maji hata ukuta haujengeki. Tunawaomba wakubwa wanaohusika wayaandike masharti haya katika kibali kijacho, na masheha wapewe nakala.