MPANGAJI WA MLANGO WA BIASHARA AZINGATIE MKATABA WAKE

Hutokea mfanyabiashara akakodi mlango mjini Unguja, akatoa kilemba, akalipa kodi ya miezi kadhaa na kutia rafu na taa, kisha akapokea barua ya mwenye nyumba inayomtaka afunge. Kodi hakuchelewesha. Mkataba aliotia saini unaeleza kuwa mlango umekodishwa kwa duka la nguo, naye amefungua mkahawa.

Sharti la namna hiyo ni halali. Anayekodi hakununua jengo, bali amepata haki ya kulitumia kwa muda na kwa shughuli iliyokubaliwa.

Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, sharti hilo lina uzito zaidi. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo hunyonya unyevu. Maji ya kuoshea vyombo na bomba linalovuja huozesha vichwa vya boriti taratibu, na mpangaji aghlabu huwa ameshaondoka madhara yanapodhihiri. Mwenye nyumba aliyeridhia vitambaa, basi, hahesabiwi kuwa ameridhia na jiko.

Kwa nyumba za wakfu, jambo ni zito zaidi. Mlango uliowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haukodishwi kwa biashara ya ulevi, na msimamizi hana mamlaka ya kulisamehe sharti la aliyeuweka wakfu, hata akiahidiwa kodi maradufu.

Wengi hudhani kwamba leseni ya biashara inatosha. Leseni humruhusu mtu kufanya biashara. Haimpi haki ndani ya jengo la mwenziwe. Kadhalika, ridhaa ya mwenye nyumba haiondoi haja ya leseni, wala ya kibali cha mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe pale jengo linapobadilishwa.

Wenye nyumba nao wana lawama. Wapo wanaoandika neno "duka" pasi na kuongeza lolote, kisha wakamgombeza fundi cherehani au kinyozi. Wapo pia wanaolitaja sharti baada ya kilemba kupokewa, jambo lisilo la uungwana. Na anayeendelea kupokea kodi mwezi baada ya mwezi, hali akiiona biashara iliyokatazwa, hujidhoofishia hoja yake mbele ya mahakama.

Mwenye kutaka kubadili biashara aombe ridhaa kwa maandishi kabla ya kununua vifaa, na jibu liambatanishwe na mkataba. Ruhusa iliyotolewa kwa mdomo barazani ni vigumu kuithibitisha pale mwenye nyumba anapofariki, na warithi wakaja na mkataba mkononi.