Sherifu wa Televisheni na Alama ya Kidole

Filamu za kauboi zina wapenzi wengi, wakubwa kwa wadogo, nami simo nje ya hesabu hiyo. Tamu yake ni farasi, vumbi, na haki inayopatikana kabla ya sala ya isha. Lakini watungaji wake wana tabia moja isiyopendeza: humvika sherifu elimu ambayo zama zake haikuwapo.

Juzi nilikuwa Komarock, mashariki ya Nairobi, kwa mwanangu, nikaitazama filamu moja pamoja na mjukuu wangu. Mwaka ulioandikwa mwanzoni ni 1875. Tajiri kauawa, sherifu akanyunyiza unga juu ya bilauri, zikatokea alama za vidole, na mwuaji akanaswa. Kijana akasema, "Babu, Wamarekani walikuwa mbele tangu hapo!" Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Tuhesabu miaka."

Huko Marekani, mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji kwa ushahidi wa alama za vidole ni Thomas Jennings wa Chicago. Usiku mmoja wa Septemba 1910 alivunja nyumba ya Clarence Hiller, akamwua. Nje ya nyumba ile palikuwa na ukingo uliopakwa rangi, nayo haijakauka. Vidole vyake vikabaki hapo. Mwaka 1911 mahakama ya juu ya jimbo la Illinois ikaukubali ushahidi huo. Sherifu wetu alimtangulia Jennings kwa miaka 35! Na yule sherifu mwingine anayelinganisha risasi mbili kwa hadubini, naye angojee: hadubini ya kazi hiyo ilianza kutumika mwaka 1925.

Si kwamba mwaka 1875 hapakuwa na aliyezijali alama za vidole. Walikuwako, lakini si katika nchi ya makauboi. Mwaka 1858, huko Hooghly katika Bengal, mtawala wa Kiingereza William Herschel alimtaka mkandarasi aitwaye Konai atie alama ya kiganja kwenye mkataba, asije akaukana. Na mwaka 1897 ikafunguliwa Calcutta afisi ya alama za vidole. Shida ilikuwa ni kuzipanga kadi nyingi hata ipatikane moja upesi. Aliyeifungua shida hiyo kwa hesabu ni Mwislamu wa Bengal, Azizul Haque, aliyezigawa katika mafungu 1,024, akisaidiana na mwenziwe Hem Chandra Bose. Utaratibu huo ukaitwa kwa jina la mkubwa wao, Edward Henry, naye akaupeleka Scotland Yard mwaka 1901.

Kutoka huko elimu hiyo haikukawia kutufikia. Sheria ya Kenya ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande chenye alama zake za vidole, akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Hakuwa ameua wala kuiba. Alitakikana kazini, na akitoroka atafutwe. Harry Thuku alikipinga kipande hicho, akakamatwa mwaka 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ilipotaka watu wa rangi zote watoe alama, walowezi wakachachamaa, wakidai kuwa hayo ni mambo ya wahalifu. Kumbe walijua!

Kwa hiyo, msomaji, kosa la filamu si la tarehe peke yake. Linamsahaulisha Azizul Haque, na linatufanya tuamini kwamba alama za vidole zilianza kwa kumsaka mwuaji, ilhali hapa kwetu zilianza kwa kumfunga kibarua asiye na kosa. Tuzitazame filamu tuburudike, ila watoto tuwahesabie miaka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.