Roketi ya Chupa: Tuwafundishe Watoto Habari za Anga

Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa mita mbili na nusu, na uzito karibu kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni kipande cha roketi. Sasa, mtoto akikuuliza kitu kama hicho kilipanda vipi huko juu, utamjibu nini? Ukimwambia, "Nyamaza, hayo ni mambo ya wazungu," umefunga mlango. Siku nyingine hatauliza.

Tena si mambo ya wazungu peke yao. Kuanzia 1967 hadi 1988, roketi zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Na tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani ili ipige picha za ardhi yetu.

Katika likizo, kikundi chenu kinaweza kuwakusanya watoto Jumamosi moja na kutengeneza roketi. Hakuna moto, na gharama ni kidogo.

Mnahitaji:
- Chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu au mbili, ambayo haijakwaruzwa wala kubonyea
- Kizibo cha koki kinachobana mdomo wa chupa
- Sindano ya kujazia mpira wa miguu
- Pampu ya baiskeli yenye mpira (mpira mrefu ni bora zaidi)
- Katoni ngumu, selotepu na maji

Namna ya kutengeneza:
1. Kateni koki iwe fupi kuliko sindano. Pitisheni sindano katikati mpaka ncha itokee upande wa pili.
2. Kateni mabawa matatu ya katoni, myabandike upande wa mdomo wa chupa. Chupa isimame juu yake, mdomo ukiwa chini.
3. Tieni maji, robo au theluthi ya chupa. Zibeni kwa koki, halafu unganisheni pampu.
4. Isimamisheni uwanjani, mbali na nyumba, barabara na waya za stima.
5. Watoto warudi nyuma hatua 15. Wahesabu pamoja, na mtu mzima aanze kupiga pampu.

Upepo ukizidi ndani, koki itachomoka yenyewe na chupa itapaa. Mpiga pampu atalowa, na watoto watacheka sana. Hiyo ni sehemu ya somo!

Kwa nini inapaa? Fikirini mpira wa maji shambani unapofunguliwa kwa nguvu. Maji yanatoka mbele, nao mpira unarudi nyuma ukirukaruka kama nyoka. Vivyo hivyo, upepo unasukuma maji chini, na maji yanaisukuma chupa juu. Roketi kubwa hufanya vilevile, ila badala ya maji hutoa gesi ya moto.

Sasa waacheni watoto wajaribu wenyewe. Warushe bila maji, kisha robo, kisha nusu, kisha karibu kujaa. Kila mara wahesabu sekunde chupa inazokaa hewani, na mmoja aandike kwenye daftari. Wataona kwamba bila maji haiendi mbali, na maji yakizidi inakuwa nzito na upepo hauna nafasi ya kutosha. Msiwape jibu mapema. Kukisia, kujaribu, kuandika: hiyo ndiyo sayansi.

Waonyesheni Mlima Kenya asubuhi ukiwa wazi. Urefu wake ni mita 5,199. Anga ya nje huhesabiwa kuanza kilomita 100 juu, yaani kama milima 19 ya namna hiyo ikipandana. Ni mbali, lakini ni karibu kuliko safari ya kwenda Nairobi! Hata hivyo kufika juu tu hakutoshi. Setilaiti lazima ikimbie kando karibu kilomita 28,000 kwa saa ili isianguke.

Ndiyo sababu Malindi ilifaa. Karibu na ikweta, dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, nayo roketi hupata msukumo wa bure. Hata sisi wa Tetu tuko karibu na ikweta. Lakini upande wa mashariki wa Malindi ni bahari, vipande vikianguka havimpati mtu.

Tahadhari:
- Msitumie kamwe chupa ya glasi au ya chuma.
- Msigandishe koki kwa gundi wala kuifunga kwa kamba.
- Mtu yeyote asiiname juu ya chupa. Mpiga pampu akae kando na ageuze uso.
- Ikikataa kuruka baada ya kupiga pampu mara 30, acheni. Chomoeni mpira wa pampu kwenye sindano ili upepo utoke.
- Wakatazeni vijana kutengeneza baruti za vichwa vya viberiti. Hizo hukata vidole na kupofusha macho.

Na wasichana wasiachwe kando kushika masweta ya wavulana. Wangari Maathai alizaliwa hapa kwetu Ihithe mwaka 1940. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya juu kabisa, ile ya udaktari. Naye alianza kwa kuchungulia mambo madogo ya mtoni na shambani.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Mtoto akituuliza jambo tusilolijua, tunamjibu vipi?
2. Kipande cha chuma kikianguka kijijini kwetu, nani atawazuia watu wasikiguse, na nani atamwarifu chifu?
3. Nani katika kikundi chetu ana pampu?