Ukimya wa adui si kushindwa kwake

Leo tujifunze kutoka kwa adui asiyeonekana kwa macho: bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alitangaza kumgundua Machi 24, 1882.

Bakteria huyu huingia mapafuni kwa njia ya hewa. Chembe za kinga, askari wa mwili, humzunguka na kumjengea ukuta. Ndani ya ukuta huo oksijeni hupungua, na askari hao humshambulia kwa kemikali. Wengi hufa, lakini wengine wana protini maalumu zinazohisi kwamba hali imekuwa ngumu. Hapo hubadili maisha yao: huacha kuzaliana, hupunguza matumizi ya chakula, hulala.

Mtu huyo hakohoi, hakondi, wala haambukizi wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa robo ya watu duniani wameambukizwa hivyo. Walio wengi hawataugua kamwe. Lakini kinga ikishuka kwa sababu ya VVU, kisukari au lishe duni, aliyelala anaweza kuamka.

Ndiyo maana matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua na mgonjwa hujiona amepona. Kumbe dawa huwaua upesi bakteria wanaokua. Waliolala huchukua muda mrefu. Anayeacha dozi njiani huwapa nafasi ya kurudi, pengine wakiwa sugu.

Mpendwa, kifua kikuu si adhabu ya dhambi, na mgonjwa asinyooshewe kidole kanisani. Ila ukimya huu una funzo. Soma Luka sura ya 4. Ibilisi aliposhindwa kumjaribu Yesu jangwani, alimwacha kwa muda tu, akisubiri wakati mwingine. Kama alimfanyia hivyo Bwana, sembuse mimi na wewe?

Labda uliacha pombe. Labda ulimsamehe ndugu yako mliyegombania shamba. Miezi imepita kwa amani, nawe umepunguza maombi, na jumuiya huendi tena. Jiulize: nimepona, au adui amelala tu, akingoja siku nitakayofiwa, nitakayokosa kazi, nitakayochoka?

Sisemi haya ili uishi kwa hofu. Mwili haumlindi mtu kwa hofu. Humlinda kwa kinga inayolishwa kila siku. Roho nayo hulishwa kwa Neno, sala, toba na ushirika, hata siku ambazo huoni hatari yoyote.

Basi, kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, nenda ukapimwe. Kama uliacha dozi, kesho Jumatatu rudi kituoni bila aibu; watakupokea. Na kama uliacha kuomba, usingoje kesho. Bwana anakupokea leo.

Jumapili njema.